Umeme wa mashambani: Si riba peke yake inayoua mradi

KATIKA nyanda za juu kuanzia Mufindi hadi Nyeri, na kutoka mabonde ya miwa ya Kilimanjaro hadi vilima vya magharibi mwa Uganda, wakulima wamekalia utajiri ambao haupimwi kwa gunia wala kwa kilo. Utajiri huo ni umeme. Kuna mito inayoporomoka kati ya mashamba ya chai, mabaki ya miwa yanayorundikana nyuma ya viwanda, magamba ya miti yanayooza kwenye viwanda vya mbao, na jua ambalo halijawahi kutoza mtu ushuru.

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya karibuni vyama vya ushirika, kampuni za wakulima na hata taasisi za dini zimekuwa zikitembelewa na watu wenye michoro mizuri na kompyuta za mkononi. Ujumbe wao ni mmoja: wekeni mtaji kidogo, benki itakopesha kiasi kilichobaki, shirika la umeme litanunua kila uniti, na ndani ya miaka michache mtakuwa mnagawana faida.

Baadhi ya miradi hiyo imefanikiwa kweli. Mingine imeishia kwenye makabrasha ya upembuzi yakinifu, na michache imewaachia wenyewe madeni. Tofauti kati ya inayosimama na inayoanguka mara nyingi haiko mtoni wala kwenye mitambo. Iko kwenye namna fedha zilivyopatikana, zinavyorudishwa, na nani anayenunua umeme.

Makala haya yanajaribu kulieleza jambo hilo kwa lugha ya hesabu za kawaida, kwa ajili ya kiongozi wa ushirika au mkulima ambaye kesho anaweza kuombwa aweke rehani mauzo ya mazao ya wenzake.

Kwa nini mkulima ajiingize kwenye umeme?

Chukua mfano wa chai. Majani mabichi yakifika kiwandani hunyaushwa kwa feni kwa saa nyingi, kisha husagwa, huachwa yaive na hatimaye hukaushwa. Umeme ukikatika katikati ya safari hiyo, majani hayasubiri. Chai iliyoiva kupita kiasi hupoteza rangi na ladha, na mnadani hupata bei ya chini. Ndiyo maana karibu kila kiwanda cha chai kina jenereta la dizeli, na dizeli ni miongoni mwa gharama zinazomla mkulima bila yeye kuiona, kwa sababu inakatwa kabla malipo hayajamfikia.

Kwa miwa hali ni nyingine. Kiwanda cha sukari kinahitaji mvuke na umeme, na mabaki ya miwa baada ya kukamuliwa ndiyo kuni zake. Kiwanda chenye mitambo mizuri hutosheleza mahitaji yake na kubakiwa na ziada. TPC kule Arusha Chini, mkoani Kilimanjaro, na Kakira nchini Uganda ni mifano ya viwanda vya sukari vilivyouza ziada hiyo kwenye gridi ya taifa. Njombe nako, kampuni ya TANWAT imekuwa ikifua umeme kwa mabaki ya miti tangu miaka ya 1990, na ziada yake huingia kwenye laini za TANESCO.

Kwenye mkonge, sehemu inayokuwa singa ni ndogo mno ukilinganisha na uzito wa jani zima. Kinachobaki kilikuwa kikitupwa, hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 ulipojengwa mtambo wa mfano wa gesi ya mabaki ya mkonge katika shamba la Hale, Korogwe, mkoani Tanga.

Mifano yote hii ina jambo moja linalofanana. Malighafi ya umeme ipo tayari na inamilikiwa na mwenye shamba. Hilo ni tofauti kubwa na mfanyabiashara anayenunua mafuta mazito kila wiki. Lakini tofauti hiyo ina upande wake wa pili: gharama yote hulipwa mwanzoni. Jenereta la dizeli ni rahisi kulinunua na ghali kuliendesha. Mtambo wa maji au wa jua ni ghali kuujenga na rahisi kuuendesha. Kwa hiyo bei ya umeme wa maji, kwa sehemu kubwa, ni bei ya fedha zilizokopwa kuujenga mtambo.

Tufanye hesabu pamoja

Tuseme ushirika una maporomoko yanayoweza kutoa megawati moja. Mtambo ungefanya kazi kwa nguvu zote mwaka mzima, ungetoa uniti 8,760,000. Lakini mto hupungua kiangazi na mitambo husimama kwa matengenezo, hivyo tuchukue nusu tu, yaani uniti 4,380,000. Tuseme kila uniti inauzwa Sh150. Mapato ya mwaka yatakuwa Sh657 milioni. Tukitoa Sh80 milioni za mishahara, bima na matengenezo, zinabaki Sh577 milioni za kulipia deni na kugawana.

Tuseme tena kwamba ujenzi utagharimu Sh7 bilioni pamoja na barabara, banio, bomba la kushusha maji, mitambo na laini ya kuunganisha na gridi. Wenye mradi wanatoa asilimia 30, yaani Sh2.1 bilioni, na benki inakopesha Sh4.9 bilioni. Hizi ni tarakimu za mfano, lakini hazipo mbali na miradi ya aina hii.

Sasa tazama kinachotokea. Benki ya biashara ikikopesha kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka saba, marejesho ya kila mwaka yatakuwa Sh1.21 bilioni. Mradi unaingiza chini ya nusu ya hizo. Hapo hakuna mradi, hata mto uwe mzuri namna gani.

Wengi wakifika hapa hulalamikia riba. Haya, tuipunguze riba kwa nusu, iwe asilimia nane, lakini muda ubaki miaka saba. Marejesho yanashuka hadi Sh941 milioni kwa mwaka. Bado haiwezekani.

Tugeuze. Riba ibaki ile ile ya asilimia 16, lakini muda uwe miaka 15. Marejesho yanakuwa Sh879 milioni. Msomaji atambue jambo hapo: mkopo wa riba kubwa wa miaka 15 unaubana mradi kila mwaka kidogo kuliko mkopo wa nusu ya riba hiyo unaolipwa kwa miaka saba. Ni kweli kwamba jumla ya riba itakayolipwa hadi mwisho ni kubwa zaidi. Lakini mradi haufi kwa jumla ya miaka 15. Unakufa mwaka wa pili, siku ambayo marejesho yamefika na akaunti haina kitu.

Tukiunganisha vyote viwili, riba ya asilimia nane na muda wa miaka 15, marejesho yanafika Sh572 milioni. Sasa mapato ya Sh577 milioni yanatosha, lakini kwa nywele tu. Hakuna ofisa mikopo makini atakayeidhinisha mradi unaobakiwa na Sh5 milioni kwa mwaka. Atataka kwa kila shilingi 100 ya marejesho kuwe na mapato ya shilingi 130 hivi, ili mvua zikichelewa benki isichelewe.

Hapo ndipo ruzuku inapoingia. Ukipata ruzuku ya Sh1.2 bilioni, mkopo unapungua hadi Sh3.7 bilioni na marejesho yanakuwa Sh432 milioni. Sasa kwa kila shilingi 100 ya deni kuna shilingi 133 za mapato.

Na tuujaribu mradi huo kwa ukame. Mwaka ambao uzalishaji unapungua kwa asilimia 20, kinachobaki baada ya gharama ni Sh446 milioni hivi. Wenye ruzuku watalipa deni na kubakiwa na kidogo. Wasio na ruzuku, hata kwa ule mkopo nafuu, watapungukiwa Sh126 milioni, na hizo zitatafutwa kwenye fedha za mazao.

Fedha za muda mrefu ziko wapi?

Benki zetu za biashara si kwamba zina roho mbaya. Fedha wanazokopesha ni akiba za watu wanaoweza kuja kuzichukua kesho asubuhi. Benki inayokusanya amana za miezi mitatu haiwezi kukopesha kwa miaka 15 na kulala usingizi. Isitoshe, mradi wa umeme unaweza kuchukua miaka miwili au mitatu kujengwa kabla ya kuuza uniti ya kwanza, na katika muda huo deni linahitaji kupewa nafasi ya kupumua.

Tanzania ililitambua tatizo hili mapema. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, pamoja na Mfuko wake, na wakala huo ukaanza kazi mwaka 2007. Mwishoni mwa mwaka huo Benki ya Dunia iliidhinisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEDAP. Baadaye ndani yake iliwekwa dirisha la mikopo ya muda mrefu iliyopitia Benki ya Rasilimali, TIB, kwenda kwenye benki zilizokopesha wazalishaji wadogo. Pamoja na hilo kulikuwa na ruzuku ya Dola 500 za Marekani kwa kila mteja mpya wa kijijini aliyeunganishwa. Ruzuku hiyo ilifuata matokeo. Aliyeunganisha nyumba ndiye aliyelipwa.

Kenya wametumia pia mlango wa soko la mitaji. Mwaka 2006 kampuni ya KenGen iliuza asilimia 30 ya hisa zake kwa umma kwa Sh11.90 za Kenya kila moja, na wananchi wa kawaida walipanga foleni. Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ilitoa hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 12.5 na kukusanya takriban Sh25 bilioni za Kenya. Fedha hizo zilikuwa za Kenya, kwa shilingi za Kenya, na kwa muda unaolingana na kazi yenyewe.

Hapa kwetu mfano wa karibu si wa umeme bali wa maji. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ikilenga zaidi ya Sh53 bilioni, na wawekezaji wakanunua kuliko kiasi kilichotakiwa. Hilo linaonyesha kwamba fedha za muda mrefu zipo nchini, hasa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii na kampuni za bima. Kinachokosekana ni miradi iliyoandaliwa vizuri na mikubwa ya kutosha kufika sokoni. Ushirika mmoja wenye megawati moja hauwezi kutoa hatifungani. Kumi zilizoungana zinaweza kufikiriwa.

Funzo la KTDA na la Mufindi

Kuungana huko si ndoto. Nchini Kenya, Mamlaka ya Ustawishaji wa Majani Chai, KTDA, inayohudumia zaidi ya wakulima wadogo 600,000, iliamua viwanda vya eneo moja viunde kampuni ya pamoja ya umeme na kujenga mtambo katika mto wa jirani. Kiwanda cha Imenti, Meru, kilitangulia kwa mtambo wa chini ya megawati moja na kuuza ziada kwenye gridi. Mtambo wa mto Gura, Nyeri, wenye karibu megawati sita, ulijengwa kwa ajili ya viwanda vinne: Gathuthi, Gitugi, Iriaini na Chinga.

Kwa kuwa miradi saba ilipelekwa kwa wakopeshaji kama furushi moja, iliweza kupata mikopo ya Dola milioni 55 kutoka taasisi tatu kubwa za fedha: IFC ya kundi la Benki ya Dunia, Proparco ya Ufaransa na FMO ya Uholanzi. Kiwanda kimoja kingebisha hodi kwenye milango hiyo, pengine kisingepewa hata kiti.

Mufindi, mkoani Iringa, kuna funzo la aina nyingine. Mtambo wa Mwenga wenye megawati nne ulianza kazi mwaka 2012 baada ya kupata ruzuku ya Umoja wa Ulaya na msaada wa REA juu ya mtaji wa wenyewe na mikopo. Jambo la kutazama ni wateja wake. Umeme wa Mwenga unakwenda kwenye sekta ya chai, unakwenda kwa wanavijiji wanaonunua kwa mita za malipo ya kabla, na unaobaki unauzwa TANESCO. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliongeza mitambo ya upepo ya megawati 2.4, na hesabu yake inaeleweka kirahisi: kiangazi mto unapopungua, upepo wa nyanda za juu huvuma.

Wateja wa aina tatu ni bima. Mmoja akichelewa kulipa, wengine wawili wanaendelea.

Dawa ya deni ni kulipa

Hilo linatupeleka kwenye swali ambalo watu wenye michoro mizuri hawapendi kuulizwa: mnunuzi atalipa kwa wakati?

Tangu mwaka 2008 na 2009 Tanzania ina mkataba wa mfano wa kuuza umeme kwa miradi midogo isiyozidi megawati 10, pamoja na bei zinazosimamiwa na EWURA. Kenya ilitangaza sera ya bei maalumu ya umeme jadidifu mwaka 2008, na Uganda mwaka 2013 ikaanzisha mpango wa GETFiT uliowapa wazalishaji wadogo nyongeza ya bei kutoka kwa wafadhili. Taratibu hizi zilikuwa hatua kubwa, kwa sababu mzalishaji mdogo hakuhitaji tena kuajiri mawakili kujadiliana upya kila kifungu. Mkataba uliosainiwa ukawa ndiyo dhamana ya kupelekea benki.

Lakini mkataba ni karatasi, na karatasi ina thamani ya mfuko wa aliyeisaini. TANESCO ilibebeshwa kwa miaka mingi mikataba mizito ya umeme wa dharura na wa mafuta. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, sakata la Richmond lililofuatia ukame wa mwaka 2006 na kusababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008, na suala la akaunti ya Escrow la mwaka 2014 vinajulikana kwa kila msomaji wa magazeti. Kisichosemwa sana ni kwamba shirika lenye malimbikizo ya madeni huchelewesha malipo, na mzalishaji mkubwa anayechelewa kulipwa ana mawakili na hifadhi ya fedha. Ushirika wa kijiji una mkutano mkuu wa wanachama wenye hasira.

Kwa hiyo kiongozi wa ushirika aulize: mradi unaweza kukaa miezi sita bila kulipwa na bado ukalipa benki? Kama hauwezi, akiba ya miezi hiyo iwekwe kwenye bajeti ya mtaji tangu mwanzo. Isiachwe kuja kutafutwa baadaye.

Hatari ya pili ni sarafu. Mikopo nafuu ya muda mrefu mara nyingi hutoka nje na huhesabiwa kwa dola, huku mwanakijiji akinunua umeme kwa shilingi. Mwaka 2008 dola moja ilibadilishwa kwa takriban Sh1,200. Mwaka 2015 ilivuka Sh2,000, na mwaka 2024 ilifika Sh2,600 na ushee. Rejesho la Dola 100,000 lililokuwa Sh120 milioni likawa zaidi ya Sh200 milioni baada ya miaka saba, na mto haukuongeza hata tone. Anayekopa kwa dola na kuuza kwa shilingi anacheza bahati nasibu, hata kama riba yake inaonekana ndogo.

Hatari ya tatu ni sera. Mwaka 2020 serikali ya Tanzania iliagiza kampuni za gridi ndogo vijijini ziuze uniti kwa Sh100 kama TANESCO. Kwa mnunuzi wa kijijini hiyo ilikuwa haki, kwani haikueleweka kwa nini aliye mbali na mjini alipe mara kadhaa ya aliye mjini. Kwa mwekezaji aliyekwisha kukopa kwa hesabu za bei nyingine, lilikuwa pigo. Kenya nako, mwaka 2021 jopo lililoundwa na Rais Uhuru Kenyatta lilipendekeza mikataba ya ununuzi wa umeme ipitiwe upya kwa sababu wananchi walilalamikia bei. Serikali zina haki ya kuwalinda walaji. Somo ni kwamba mradi unaotegemea bei ya juu kuliko inayovumilika kisiasa umejengwa kwenye mchanga.

Yaliyowapata wakubwa

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya wadogo tu. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme ya kilometa zaidi ya 400 hadi Suswa ilikamilika mwaka 2018. Kwa kuwa mkataba uliiweka njia hiyo kwenye mabega ya serikali, Kenya ililazimika kulipia umeme ambao haukumfikia mtu. Mwenye mradi mdogo, asiye na kifungu kama hicho, angebeba hasara mwenyewe. Hivyo, kabla ya kusaini ni lazima ijulikane nani anajenga laini, lini, na nani analipa ikichelewa.

Nchini Uganda, bwawa la Bujagali la megawati 250 lilianza kufanya kazi kikamilifu mwaka 2012 na kumaliza mgawo mkali wa umeme. Lakini masharti ya mikopo yalifanya bei yake iwe juu, hadi mwaka 2018 mikopo ilipopangwa upya na kurefushwa ili marejesho ya mwaka yapungue. Ni hesabu ile ile tuliyoifanya ya megawati moja, ila kwa tarakimu kubwa.

Na kuna Mumias, magharibi mwa Kenya. Kiwanda hicho cha sukari kilizindua mwaka 2009 mtambo wa megawati 38 wa kutumia mabaki ya miwa, ukiwa na mkataba wa kuuza megawati 26. Kwenye karatasi ulikuwa mradi wa kupigiwa mfano. Baadaye miwa ilipungua, wakulima waliochelewa kulipwa wakaacha kupanda au wakauza kwingine, na mtambo ukakosa kuni. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Mtambo wa umeme wa shambani una afya sawa na shamba lenyewe. Mkulima asiyelipwa miwa yake ndiye anayezima taa.

Nyerere amebadilisha hesabu

Kwa upande wa Tanzania, kuna jambo jipya linalolazimu kila mradi uhesabiwe upya. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Serikali ililijenga kwa fedha za ndani, kwa mkataba wa takriban Sh6.5 trilioni, bila kusubiri wakopeshaji wa nje ambao wengi hawakuupenda mradi huo.

Kwa mlaji ni habari njema. Kwa anayetaka kuiuzia TANESCO umeme kwa jumla, ni habari ya kufikiria. Mnunuzi aliyekuwa na njaa hakuuliza sana bei, lakini aliyeshiba huchagua. Mradi uliobuniwa mwaka 2014 kwa matumaini ya kuuza kila uniti kwa TANESCO hauwezi kuletwa leo na hesabu zile zile.

Hata hivyo, wingi wa umeme Rufiji haumaanishi umeme wa uhakika kwenye kiwanda kilicho mwisho wa laini ndefu inayopita porini. Nguzo zinaanguka na nguvu inapungua njiani. Ndiyo maana thamani kubwa ya mtambo wa shambani leo iko kwenye matumizi ya mwenyewe. Uniti inayotumika kiwandani inaokoa bei yote ambayo kiwanda kingelipa kwa TANESCO au kwa dizeli. Uniti ile ile ikiuzwa kwa jumla inaleta bei ya jumla. Mradi unaoanza na mahitaji ya kiwanda, ukafuata vijiji, na kuiachia gridi ziada, una nafasi nzuri kuliko unaoanza na gridi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa kiongozi wa ushirika atakayeletewa mradi, haya ndiyo maswali ambayo hayapaswi kuahirishwa.

Kwanza, mto umepimwa kwa miaka mingapi, na ni nani aliyeupima? Vipimo vya msimu mmoja wa mvua havitoshi. Je, Bodi ya Maji ya Bonde imetoa kibali, na wanaomwagilia juu ya banio wameandikiwa haki zao? Mto unaogombewa na wenye mifereji ya vitunguu hauwezi kulipa deni la benki.

Pili, umeme utakaotumiwa na kiwanda chetu wenyewe ni uniti ngapi kwa mwezi? Nani mteja wa pili na wa tatu?

Tatu, mkopo ni wa miaka mingapi, na malipo yanaanza lini? Ni wa shilingi au wa dola? Mapato yakishuka kwa asilimia 20 bado tunaweza kulipa?

Nne, dhamana ni nini? Mkopo mzuri unashika mitambo na mkataba wa mauzo ya umeme. Mkopo unaoshika mauzo ya mazao ya wanachama au hati za mashamba yao haujagawana hatari na mtu. Umeirudisha yote kwa mkulima.

Tano, kampuni ya umeme imetenganishwa na ushirika kisheria? Itenganishwe. Umeme ukianguka, chai isianguke nao.

Na sita, nani atatengeneza mtambo ukiharibika usiku wa Jumapili? Kijana wa hapa hapa aliyesomeshwa VETA ana thamani kuliko fundi bingwa anayesubiriwa kutoka ng'ambo.

Kwa upande wa serikali zetu, mifuko ya hifadhi ya jamii na benki za maendeleo, kazi ni kuiweka miradi midogo kwenye furushi moja, kutoa mikopo ya shilingi ya miaka isiyopungua 12, na kuelekeza ruzuku kwenye miradi ambayo upungufu wake umeonyeshwa kwa hesabu. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, iliyoanza kazi mwaka 2015, inalijua shamba. TIB inaujua mradi wa muda mrefu. REA inakijua kijiji. Wakikaa meza moja, ushirika hautalazimika kubisha hodi kwenye milango mitatu huku ukipewa majibu matatu tofauti.

Mkulima amezoea kukopa mbolea Novemba na kulipa Julai. Mtambo wa umeme utalipwa na mwanawe. Kwa hiyo ni haki yake, kabla ya kuinua mkono kwenye mkutano mkuu, kuonyeshwa hesabu za mwaka wa ukame na si za mwaka wa neema peke yake. Asipoonyeshwa, mkono wake ubaki chini.